Mbele ya Kuuzisha Objektifu za Papa, Pima Kwanza

Ndugu msomaji, pengine nyumbani kwenu pia, chini ya kitanda ao juu ya kabati, kuko sanduku ambayo hakuna mtu anaifungua. Ndani yake muko apareyi ya foto ya zamani, ile ya filme, na objektifu mbili ao tatu zilizofungwa katika kitambaa. Papa alizitumia wakati kampuni ilikuwa ingali inalipa vizuri. Kila siku ya Mungu, kiisha ibada, alipiga watu wa kampi foto mbele ya maua, na juma lililofuata alizileta na kupewa makuta kidogo. Leo filme ni ngumu kupata, mtu wa kuisafisha ni mgumu zaidi, na sanduku inalala.

Nataka kukuelezea juu ya sanduku moja ya namna hiyo, kwa sababu mimi mwenyewe nilitoa shauri baya juu yake.

Mwenye sanduku alikuwa amekwisha kufariki. Mjane wake aliniita nyumbani, akaweka vitu vyote juu ya meza. «Papa Pasta, hii bintu ya papa yao tutaifanya namna gani? Watoto wako na deni ya minerval.» Nikazigeuza-geuza katika mikono. Kulikuwa apareyi ya Zenit pamoja na objektifu yake, objektifu ya Canon ya milimetre 50, na objektifu ingine refu ya milimetre 135. Nikajibu kama mtu anayejua: «Mama, hizi ni vyuma vya zamani. Apareyi za leo haziwezi kuzipokea. Muuzishe tu.» Wakauzisha ile refu kwa mchuuzi moja wa sokoni, kwa bei ya mfuko moja wa bunga. Zile mbili zikabaki kwa sababu tu yule mchuuzi hakuzitaka siku ile.

Miezi mingi ikapita. Siku moja mtoto wao mkubwa, kijana wa koral, alikuja kwangu na apareyi ndogo ya Sony ambayo aliipata ikiwa imekwisha kutumika. Mbele yake alikuwa amefunga ile objektifu ya Zenit ya papa yake! Katikati kulikuwa pete nyeusi ya chuma, upana wake sawa kidole gumba. Akanionyesha foto ya mama yake ameketi mlangoni. Macho yalikuwa wazi kabisa, nywele unaweza kuzihesabu, na nyuma yake majani ya muembe yalizunguka kama maji ndani ya beseni. Njo pale nilijua kama nimekosa. Kijana hakunilaumu. Alisema tu: «Papa Pasta, ile ya 135 nayo ingeingia.»

Kwa hiyo nikaanza kuuliza, kusoma na kupima. Haya ndiyo niliyoyapata.

Umbali ndiyo unaamua

Wewe kijana, fanya jambo hili leo. Kamata objektifu moja ya zamani, diafragma yake ikiwa wazi. Izungushe mpaka kwenye alama ya mbali sana, ile inayofanana na nane iliyolala. Ingia katika chumba chenye giza kidogo, simama mbali na dirisha, elekeza uso wa objektifu inje, na nyuma yake shika karatasi nyeupe. Sogeza karatasi polepole. Mara moja utaona miti na nyumba za jirani juu ya karatasi, na rangi zake, lakini kichwa chini miguu juu. Ukisogeza karatasi kidogo mbele ao nyuma, vyote vinapotea.

Sasa pima kwa rula tangu bega la objektifu, pale inapokaa juu ya apareyi, mpaka kwenye karatasi. Kama ni objektifu ya visi ya Zenit, utapata karibu milimetre 45 na nusu. Hesabu yake ya kweli ni 45,46. Huo ndio umbali ambao mtengenezaji aliweka kati ya mdomo wa apareyi na filme. Kila marki ilichagua umbali wake. Nikon ya zamani ni 46,5. Olympus OM ni 46. Pentax ilipoacha visi katika mwaka wa 1975 ilichunga ileile 45,46. Minolta ni 43,5, na Canon ya zamani, inayoitwa FD, ni 42.

Kwa nini umbali wote huo? Kwa sababu ya kioo. Katika apareyi ya refleksi, kati ya objektifu na filme kuko kioo cha kujitazamia kilicholala mshazari, kinachopeleka sura juu kwenye jicho la mpiga foto. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, filme inaona, kinarudi. Ule mlio wa «klak» tunaoujua wote ni wa kioo na pazia lake. Kioo kinahitaji nafasi ya kuruka, basi objektifu haiwezi kukaa karibu.

Katika mwaka wa 2008 Panasonic ilitoa apareyi ya kwanza ya namna ingine, yenye objektifu za kubadilisha lakini bila kioo. Wengine wanaziita ibridi. Jicho linaangalia televizyo ndogo, na kile kibao kinachopokea mwangaza pahali pa filme, yaani kapteri, kinaona wakati wote. Kioo kimeondoka, na ile nafasi yake imeondoka pia. Umbali wa apareyi hiyo ni 19,25. Sony ilifuata katika 2010 na umbali wa milimetre 18, na Fuji katika 2012 na 17,7.  Canon na Nikon zilileta midomo mipya katika 2018: Canon RF ni 20, na Nikon Z ni 16 tu.

Hesabu sasa wewe mwenyewe. Objektifu ya Zenit inataka 45,46. Apareyi ya Sony iko na 18. Ondoa: inabaki 27,46. Hiyo ndiyo pete ya yule kijana. Ndani yake hamuna kioo, hamuna umeme, hamuna kitu, ni hewa tu! Upande moja imekatwa visi, upande mwingine imekatwa mdomo wa Sony. Ni kwa sababu hiyo bei yake ni ndogo sana kuliko objektifu mpya. Nikon ya zamani juu ya Sony inahitaji 28,5. Canon FD inahitaji 24.

Ukiondoa na kupata hesabu yenye kubaki, pete inaweza kutengenezwa. Ukikosa kitu cha kubaki, objektifu ingepaswa kuingia ndani ya tumbo la apareyi. Angalia: apareyi za refleksi za Canon za tangu mwaka wa 1987, zinazoitwa EF, ziko na umbali wa 44. Objektifu ya visi inazipanda na pete nyembamba ya milimetre moja na nusu hivi. Nikon inazipanda na 2,5. Lakini Canon FD ya zamani, ndugu yake wa jina moja, inataka 42, haiingii. Wachuuzi wanapenda kusema «Canon kwa Canon, hakuna shida». Shida iko! Pete zinazouzwa kwa kazi hiyo ziko na kipande cha kioo ndani, na kipande cha bei rahisi kinaharibu foto ambayo objektifu yenyewe ingefanya vizuri. Na mwenye apareyi ya refleksi ya Nikon ni maskini zaidi katika jambo hili. Umbali wake wa 46,5 ni mrefu kupita karibu zote, hata ile ya visi haipandi bila kioo cha katikati.

Kwa hiyo usiulize kwanza marki. Uliza hesabu mbili, ya objektifu na ya apareyi.

Na apareyi mbili zote bila kioo? Hesabu ni ileile, lakini kinachobaki ni kidogo sana. Objektifu ya Sony inataka 18, Nikon Z iko na 16, inabaki 2. Pete hiyo iko, nyembamba sana, na wameingiza umeme ndani yake. Kinyume hakiwezekani: objektifu ya Nikon Z haiwezi kukaa juu ya Sony. Na ile ya Canon RF juu ya Sony, hata kama hesabu inaacha milimetre 2, objektifu hizo zinafungua diafragma na kulenga kwa nguvu ya umeme. Ukiifunga na pete tupu ni kama gari bila usukani. Objektifu za zamani zinatushinda sisi wote hapo, kwa sababu zinafuata mkono wa mtu.

Kitu kidogo kilichonifurahisha. Mdomo wa objektifu nzuri za zamani ni mchanganyiko wa shaba na zinki, uliopakwa krome juu. Ndugu zetu wa Kipushi wanajua vile viwili vinatoka wapi. Tena batri ya apareyi mpya ni ya litiyumu, na katika batri mingi za namna hiyo muko kobalti. Basi tukisema vitu hivi ni vya watu wa mbali, tunasema nusu tu.

Yale utakayopoteza

Sitaki kukudanganya. Ukifunga objektifu ya papa juu ya apareyi mpya, apareyi haijui kama kuko kitu mbele yake. Mara ya kwanza inaweza hata kukataa kupiga. Ingia katika orodha ya mipango yake, tafuta ile inayoruhusu kupiga bila objektifu, ikubali. Kama apareyi yako iko na kazi ya kutuliza mtikisiko ndani yake, iambie pia objektifu ni ya milimetre ngapi, sababu haiwezi kujua yenyewe.

Kulenga ni kazi ya mkono wako. Lakini apareyi hizi zinasaidia kuliko zile za papa. Iko na uwezo wa kupaka rangi, nyekundu ao ya njano, pembeni ya kila kitu kilicho wazi. Unazungusha, ile rangi inatembea toka pua mpaka jicho, unasimama. Ukitaka uhakika, kuza sura mara tano ao kumi katika ile televizyo ndogo. Yule kijana alisema juma la kwanza alipata foto moja katika tano. Watoto wanaokimbia ni kazi nguvu hata leo; kwa hao anarudisha objektifu yake ndogo ya Sony, na hana haya.

Diafragma nayo unaizungusha mwenyewe. Objektifu ya Zenit, ile Helios ya milimetre 58 inayofungua mpaka 2, katika namna yake inayoitwa 44-2 iko na pete mbili: moja ya kuchagua hesabu, ingine ya kufunga na kufungua. Hiyo haina neno. Zingine za visi ziko na kamsumari kadogo nyuma, ambacho apareyi ya zamani ilikisukuma. Tafuta pembeni ya objektifu swichi yenye A na M, iweke kwenye M. Kama swichi hamuna, nunua pete yenye ukingo wa ndani unaosukuma hako kamsumari, kama sivyo utapiga siku zote diafragma wazi. Pete ya Canon FD iko na kizungusho chake pembeni. Ukikiacha upande wa kufungulia, diafragma haisikii, na utafikiri objektifu imekufa. Objektifu za Canon EF, zile za kisha 1987, hazina pete ya diafragma hata kidogo. Zinataka pete yenye waya za umeme, na bei inapanda.

Tena kapteri ya apareyi mingi ni ndogo kuliko filme. Kapteri ya ile Sony inakata kandokando, hata 58 inaona sawa 87. Kwa uso wa mtu ni nzuri sana. Kwa kupiga watu kumi ndani ya salon ya nyumba zetu za kampi, utagonga mgongo kwenye ukuta mbele ya kuwaingiza wote. Tangu 2013 Sony inatengeneza pia apareyi bila kioo zenye kapteri kubwa sawa filme. Juu ya hizo objektifu inaona kama ilivyoona zamani za papa.

Ndoa iliyotuletea haya

Pete ya kwanza ya kijana aliiazimisha rafiki, naye akainunua ingine sokoni, ya bei ya chini. Akaja nayo kwenye ndoa ya mtoto wa ndugu yangu. Ni mimi nilimwita, na ni mimi nilisema aache ile objektifu ndogo nyumbani, sababu nilikwisha kuipenda ile Helios. Foto za pete na keki na uso wa bibi arusi zilikuwa nzuri kabisa. Kiisha, jamaa zote mbili zikapanda juu ya ngazi za kanisa. Jua lilikuwa linashuka, kijana akafungua diafragma yote na kurudi nyuma mpaka ngʼambo ya barabara. Akazungusha objektifu mpaka mwisho. Akapiga. Hakukuza sura ili kuona.

Foto zote za ngazi zilikuwa flu. Kati ya wale watu alikuwa nyanya wa bibi arusi, aliyetoka mbali kwa lori, na hakupigwa foto ingine siku ile. Wazazi hawakupiga kelele. Walinyamaza, na hiyo ilituumiza zaidi.

Nini ilitokea? Ile pete ya sokoni ilikuwa nene kupita kipimo. Hesabu iko hivi: objektifu ya milimetre 58, ukiisogeza mbele nusu milimetre tu kupita pahali pake, haiwezi tena kuona wazi kitu kilicho mbali kuliko metre 7 hivi. Karibu inaona, mbali hapana. Pete iliyo nyembamba kidogo haina hatari ya namna hiyo: objektifu inafika mbali mbele ya kufika mwisho wa mzunguko, na namba za umbali zilizoandikwa juu yake zinadanganya kidogo, basi.

Kwa hiyo usipokee pete mpya bila kuijaribu, na usiijaribu juu ya meza ya mchuuzi. Toka inje. Kama unakaa Lubumbashi, elekeza kwenye lile bomba refu la kiwanda. Kama ni Likasi ao Kolwezi, chagua mti juu ya kilima cha mbali. Fungua diafragma yote, kuza sura mara kumi, zungusha mpaka mwisho. Lazima bomba liwe wazi. Kama linakuwa wazi polepole na mzunguko unaisha mbele halijafika, rudisha pete. Tikisa pia objektifu kidogo kwa mkono. Ikicheza kama jino la mtoto, rudisha vilevile.

Mbele ya kununua pete, chungulia objektifu yenyewe. Washa taa ya telefone nyuma yake na uangalie ndani. Vumbi kidogo haliharibu foto. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni ukungu, unaopenda giza na unyevu wa majira ya mvua, na sanduku chini ya kitanda ndiyo nyumba yake. Ukiuacha unakula rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, na hata kioo. Mwenye mkono mzuri anaweza kuifungua na kuisafisha. Mimi nilijaribu moja, na visi tatu zilibaki mezani. Mafuta juu ya visu vya diafragma hayana shida kubwa kama unaizungusha kwa mkono na inasikia.

Na barabara zetu za migodi unajua vumbi lake. Apareyi bila kioo, ukiondoa objektifu, mara mingi kapteri inabaki wazi kabisa. Izime, elekeza mdomo chini, badilisha haraka, ndani ya nyumba ao ndani ya gari lililofungwa. Njia nzuri zaidi ni kununua pete moja kwa kila objektifu na kuiacha pale nyuma. Usiache pia objektifu inaangalia jua moja kwa moja na diafragma wazi. Ulichoma karatasi na kioo cha namna hiyo ulipokuwa mtoto, na sasa nyuma ya objektifu hamuna karatasi, muko kapteri.

Nyanya wa bibi arusi alirudi katika mwezi wa saba kwa sababu ya kilio. Kijana alimwendea na pete mpya, aliyoijaribu kwanza juu ya bomba, na objektifu ya papa yake. Alimketisha karibu na dirisha, akakuza sura, akapiga mara nane. Ile ya Canon ya milimetre 50 nayo imepata pete yake, na mdogo wake anajifunza nayo. Mama yao ameondoa sanduku chini ya kitanda, ameiweka juu ya kabati, kifuniko wazi kidogo ili hewa iingie.

Ile ya 135 nimeitafuta. Mchuuzi anasema aliiuzisha kwa mtu wa Likasi, hajui jina lake. Bado ninaulizia.